Kwa mdogo wangu aliyezimia fildi: kuhusu damu, harufu, na hilo neno "utazoea"

Mdogo wangu, pole. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema uko mwaka wa pili wa uuguzi, umepangiwa fildi kitengo cha dharura, na siku ya pili akaletwa kijana wa bodaboda, mguu umechanika hadi mfupa unaonekana. Ukashtukia uko sakafuni na wewe ndiye unayepepewa. Msimamizi akakwambia "utazoea tu", mwenzako akakwambia kazi hii inataka moyo mgumu. Sasa unauliza mambo matatu: ufanyeje usizimie tena, mtu anajiandaaje kuona yale, na kama viatu vya wazi vinaruhusiwa zamu ya usiku maana miguu inavimba.

Mimi ni nesi, huu mwaka wa 12. Miaka tisa kati ya hiyo nimeimaliza dharura, hospitali ya wilaya kando ya barabara kuu ambako malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku kucha. Sitaitaja. Nakujibu kwa niliyoyapitia, na wakubwa zangu humu watanisahihisha.

Kuzimia kwanza, maana ndiko kwepesi. Mdogo wangu, ule haukuwa woga. Kwa baadhi yetu, tukiona damu au nyama iliyochanika, presha na mapigo ya moyo vinapanda kidogo halafu vinaporomoka ghafla. Damu haifiki vizuri kichwani, taa zinazimika. Sasa jumlisha: umesimama saa nzima magoti umeyakaza, chumba kina joto, barakoa usoni, na asubuhi umekunywa chai ya rangi tupu. Mimi nilianguka siku yangu ya kwanza kabisa, nikiwa nimeshika taa ya kummulikia daktari anayeshona paji la uso. Akabaki gizani na sindano mkononi.

Watu watakwambia uvute pumzi ujilegeze. Kwa kuzimia kwa aina hii, kujilegeza ndiko kunakoweza kukuangusha. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alianza kuwafundisha watu wenye tatizo hili kinyume chake: kaza misuli ya mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka usikie uso unapata joto. Achia, urudi kawaida bila kulegea kabisa, sekunde 20 hadi 30. Rudia mara tano. Presha inapanda, kichwa kinabaki na damu. Fanya zoezi hilo hosteli kila siku wiki nzima, usisubiri ajali ndiyo ujifunze. Dalili huwa zinatangulia: miayo, jasho la baridi, masikio kuvuma, mate kujaa mdomoni. Ukiziona, sema kwa sauti "nakaa", na ukae hapohapo ulipo, hata sakafuni. Usikimbilie mlangoni. Niliwahi kumshona mwanafunzi kidevu kwa sababu aliona aibu kukaa, akakimbilia nje, akakutana na kona ya kabati la dawa. Na kula, jamani. Kula kitu kizito kabla ya zamu.

Sasa hilo la "utazoea". Ni kweli nusu. Damu utaizoea, tena mapema kuliko unavyodhani. Baada ya miezi mitatu utakuwa unakula chapati dakika 10 baada ya kufunga kidonda. Ila damu siyo inayowaondoa watu kazini. Tulikuwa na kaka mmoja hapa, hodari kweli, mizaha mingi, ndiye aliyekuwa akituambia wanawake tuna moyo wa karatasi. Siku moja akaletwa mtoto aliyezama kisimani. Hakukuwa na damu hata tone. Yule kaka alimaliza zamu vizuri, akaandika ripoti kwa mwandiko wake ule mzuri, na kwa wiki mbili hakuonekana tena. Alirudi akaomba kliniki ya chanjo, na yuko huko mpaka leo. Moyo wake ulikuwa mgumu kama alivyosema. Kilichomkuta ni kwamba hakuwa na mahali pa kuviweka alivyoviona.

Kwa hiyo mimi sijiandai moyo. Naandaa mikono. Tukisikia vijana wa bodaboda wanapiga kelele getini, au gari la wagonjwa limepiga simu kwamba liko njiani, kiongozi wa zamu anaanza kugawa: wewe njia ya hewa, wewe kanula mbili kubwa, yaani vile vibomba vya kuingizia dripu mshipani, wewe mkasi, wewe karatasi. Usikubali kusimama ukutani "kuangalia". Ukutani ndiko watu wanakozimia. Nenda kwa kiongozi umwambie, "Dada, nipe kazi moja." Mkasi wa kukata nguo ni kazi nzuri ya mwanafunzi: una mwanzo, una mwisho, unakata kuanzia chini ya suruali kwenda juu, macho yanafuata mkasi. Wakati mwingine nampa mwanafunzi kazi ya kuandika muda tu. Saa 4:12 kaingia, saa 4:15 kanula ya kwanza. Karatasi inamkinga kuliko hata glavu.

Na macho yana mpangilio wake. Kama damu inaruka, kandamiza kwanza, hilo halina mjadala. Kama hairuki, usianze na jeraha. Anza na uso. "Unaitwa nani?" Akikujibu, tayari umejua njia ya hewa iko wazi, anapumua, na ubongo unapata damu ya kutosha. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo limenipunguzia hofu kuliko mengine yote: cha kutisha na cha hatari mara nyingi si kimoja. Ngozi ya kichwa ikichanika inamwaga damu hadi unadhani mtu kachinjwa, na mara nyingi kukandamiza na kushona kunatosha. Anayepiga mayowe ana pumzi ya kupigia mayowe. Usiku mmoja basi lilipinduka, tukapokea watu 19 kwa mkupuo, askari mlangoni na PF3 zake, zile fomu za polisi za majeruhi. Wote tulikimbilia kwa mama mmoja ambaye mkono ulikuwa umegeuka vibaya na analia kwa nguvu. Kwenye benchi alikaa mzee mpole, kanzu safi, anaomba maji tu. Daktari wetu alipita akamshika mkono, ukawa wa baridi kama chuma. Damu ilikuwa inavujia tumboni. Tangu siku hiyo, nikiona jeraha linalonivuta macho, najiuliza nani mwingine humu ndani amenyamaza.

Majeruhi wa moto nitakuandalia mapema, maana hakuna aliyeniandaa mimi. Tangu lile lori la mafuta lilipuke Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, kila anayefanya kazi kando ya barabara kuu anajua wanaweza kuja wengi kwa wakati mmoja. Kinachochanganya ni kwamba aliyeungua sana anaweza kuingia anatembea, anazungumza, anakusalimia "shikamoo". Pale moto ulipoingia ndani kabisa ya ngozi, mishipa ya fahamu imeungua nayo, hivyo pale hasikii maumivu. Anakuuliza kama atapona. Wewe umeshaona ngozi. Hapo hakuna mkasi wa kukusaidia. Mimi huwa namjibu yale ninayoyafanya: "Naweka dripu sasa, nakufunika upate joto, daktari yuko hapa." Simdanganyi, na simsomei hukumu.

Pua nayo haiandaliwi na mtu. Kuna msimu mmoja pikapu iliyobeba maembe iligongana na basi dogo asubuhi, watu wakaletwa wamelowa juisi ya maembe na damu, nguo zimeganda, nzi wamejaa. Sura zao nimezisahau karibu zote. Harufu ile sikuisahau. Msimu huo wote sikuweza kupita sokoni kwenye meza ya maembe bila kusikia sauti ya mkasi ukikata kitambaa kilicholowa. Nilidhani nachanganyikiwa. Nikamwambia nesi mkuu wetu, mama mtu mzima karibu anastaafu. Akacheka kidogo akaniambia yeye kwake ni sabuni fulani ya kufulia, miaka 20 sasa. Hakunipa ushauri wowote. Niliondoka pale mwepesi.

Hapo ndipo ninapopaona muhimu kuliko yote, baada ya tukio. Sisi tumejiwekea utaratibu: mgonjwa akishatoka, awe amepanda wodini, thieta au mochwari, tunasimama dakika tano kabla ya kufagia. Nini kimetokea, nani alifanya nini, kesho tubadilishe nini. Basi. Hatumlazimishi mtu aseme anavyojisikia. Zamani kulikuwa na mtindo wa kuwakusanya watu mara tu baada ya tukio, kila mmoja asimulie kila alichoona, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kutovitumia vikao vya namna hiyo kama kinga. Anayetaka kuongea aongee, asiyetaka apewe chai.

Usiku wa kwanza picha zitakuja. Ni kawaida, wiki za mwanzo zinakuja na kuondoka. Watafiti wa Oxford waliwachukua watu 71 waliopata ajali za barabarani, ndani ya saa sita za ajali, bado wako hospitalini wanasubiri huduma. Nusu wakacheza Tetris, ule mchezo wa matofali yanayoshuka, kama dakika 20. Wiki iliyofuata walisumbuliwa na picha za ajali mara chache kuliko wenzao ambao hawakucheza. Matokeo yalichapishwa 2017. Wale walikuwa wagonjwa, si manesi, kwa hiyo sikuahidi kitu. Mimi nacheza kwenye simu ndani ya daladala nikirudi, haunigharimu chochote. Nikifika nyumbani naoga kwanza. Mwanangu mdogo anajua hanirukii mpaka nimeoga, hajui kwa nini.

Nikutahadharishe na vitu viwili. Pombe ya kulalia inakupa usingizi mbovu na picha zinakusubiri asubuhi. Na kuna watu humu wamekushauri uangalie video za ajali kwenye magrupu ya WhatsApp ili ujikomaze. Usifanye hivyo. Kwenye video huna kazi mikononi, huna mgonjwa wa kumsaidia, na hujui mwisho wake, unabaki na picha tupu. Tena yule aliyelala pale ana mama yake. Ukitaka kuzoea kidogokidogo, omba wiki moja chumba cha kufunga vidonda, halafu omba kuingia thieta siku ya upasuaji wa kujifungua. Huko kuna damu nyingi na mwishoni kuna mtoto analia. Ila ukiona mwezi umepita na bado huli, hulali, au unakwepa njia ya kwenda kazini, usijikaze. Muone mtu wa afya ya akili. Ni wenzetu walewale, hapa kwetu kliniki yao iko korido ya pili.

La mwisho linahusu masikio, na hili hukuliuliza. Kilio cha ndugu koridoni kitakupiga kuliko jeraha lolote. Mwaka wangu wa pili, daktari alikuwa na mgonjwa mwingine mikononi, nikatumwa mimi kumpa baba mmoja habari ya mwanawe. Nikaona neno "amekufa" ni kali. Nikamwambia, "Baba, pole sana, tumempoteza."

Akaniangalia. "Mmempoteza? Mmempoteza wapi?"

Nikashindwa kujibu. Akainuka, akaanza kufungua milango. Chumba cha dawa, stoo, choo cha wafanyakazi, huku anamwita jina. Ilibidi dada mwenzangu amfuate, amshike mabega, amkalishe, ndipo amwambie: "Baba, kijana wako amefariki." Baba akakaa kimya, akaomba maji. Nimeona mambo mengi kabla na baada, lakini nikiamka usiku ninachosikia ni ile milango inafunguliwa, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo sasa nakaa naye chini, nasema "amefariki", halafu nanyamaza. Siongezi neno mpaka yeye aongee. Jizoeze kulitamka neno hilo ukiwa peke yako. Mara ya kwanza ulimi utakataa.

Viatu vya wazi hapana. Utaona wengine wanavaa, waache. Siku niliyozimia nilikuwa na sendo, na nilipozinduka vidole vilikuwa vinanata kwa damu ya mtu nisiyemjua hata jina. Nunua raba nyeusi za kufunga, namba moja zaidi ya yako ili mguu ukivimba upate nafasi, na soksi jozi mbili kwenye begi. Ukiripoti Jumatatu njoo utuambie walikupa mkasi au karatasi.