Jibu: Umepima siku ya nane, bado ni mapema

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umesema ulikutana na mtu wa kwenye programu ya kutafuta wapenzi, mlitumia mafuta ya nazi, kondomu ikapasuka, na siku ya nane ukapima VVU ukaambiwa huna. Jibu hilo haliuhusu usiku ule. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Rudia wiki ya 6, kisha ukitimiza miezi 3. Hicho cha mwisho ndicho cha kutegemea. Dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo safari nyengine usingoje, nenda usiku huohuo.

Pima na kaswende, kwa damu. Kisonono usitegemee mkojo peke yake: kama ilikuwa kwa mdomo au nyuma, mkojo hauonyeshi. Mwambie daktari wazi achukue ute wa hapohapo, maana kisonono cha koo mara nyingi hakiumi wala hakiwashi.

Ukiogopa majirani, si lazima upime shehia yako, yaani mtaa wako. Wa Mjini, Unguja, anaweza kupima Chake Chake, Pemba.

Na mafuta ya nazi wacha kabisa, yanalainisha mpira mpaka unachanika. Tumia kilainishi cha maji. Yule mwenzako mwandikie leo: "Kondomu ilipasuka, mimi napima, nawe kapime."