Mwanangu, ng'ombe niliwauza kwa hesabu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Molo. Mvua haijakatika tangu Jumanne na baridi ni ile ile unayoijua. Jumapili uliniuliza kwenye simu, "Mama, ulikosa nini hata ukauza ng'ombe wa baba?" halafu ukakata kabla sijajibu. Sikukasirika. Ila maneno ya simu hupeperuka, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Barua hii utaikuta katikati ya daftari la maziwa, na daftari nimeliweka juu ya viazi ndani ya gunia. Dereva wa matatu nimeshamlipa. Usikubali akuitishe kitu.

Fungua mwezi wa Mei 2024. Pale ndipo penye jibu, haya mengine ni maelezo tu. Lita 600 zilienda kwenye chama cha ushirika cha maziwa, za asubuhi peke yake. Bei ilikuwa 37, na Februari ilikuwa 48. Zikaingia 22,200. Sasa tazama upande wa pili. Unga wa ng'ombe magunia matano, kila moja 2,900, ni 14,500. Kijana wa kukata majani ya nepia na kukama, 8,000. Chumvi 1,200. Pikipiki ya kufikisha mtungi barabarani, asubuhi 30 kwa shilingi 50, 1,500. Daktari alikuja mara moja kwa ugonjwa wa kiwele, 1,500 nyingine, na maziwa ya yule mgonjwa tukayamwaga siku tatu kwa sababu ya dawa. Jumla zilitoka 26,700. Mimi kuamka saa kumi na moja alfajiri sikujiandikia hata ndururu.

Pengo ni 4,500. Na wewe ulikuwa ukinitumia 5,000 kila mwisho wa mwezi, ukisema ni za sukari na sadaka. Basi sukari na sadaka zilipata 500. Hizo nyingine walikula ng'ombe. Nikazigawanya kwa lita zote, ikatoka shilingi saba na nusu. Yaani kila lita iliyoondoka kwetu, wewe uliitolea saba na nusu ili iondoke. Kisha jioni ukitoka kazini unaingia dukani hapo Embakasi, Nairobi, unaitafuta tena kwenye pakiti, nusu lita kwa shilingi 60. Maziwa ya mamako uliyalipia mara mbili. Nilipoiona hiyo hesabu nilicheka peke yangu jikoni. Baadaye sikucheka.

Utauliza ya jioni yalienda wapi. Lori halichukui ya jioni, na hata lingetaka, barabara yetu ikilowa halifiki. Tulikunywa, ndama wakanywa, majirani wakachukua kwa deni, na kidogo kilicholipwa kiliisha kwa sabuni na tokeni za stima. Siku nyingine tulimpa mbwa mpaka akakataa.

Ulisema pia ningengoja bei ipande. Mwanangu, bei hupanda. Hupanda Januari na Februari, jua likiwa kali, majani yamekauka na nepia imekuwa kuni. Wakati huo ng'ombe aliyekuwa akinipa lita 12 ananipa tano, na unga lazima niongeze. Bei nzuri inakuta mtungi mtupu. Mvua ikija, kila ng'ombe kuanzia hapa mpaka Nyandarua anajaza kiwele wiki moja. Tangi la kupozea la chama linafurika, kampuni inayonunua nayo inasema mitambo yake imejaa, na bei inaanguka. Mwenye mahindi hufunga ghala akangoja. Mwenye viazi anaweza kuviacha udongoni wiki mbili akisikilizia soko. Mimi nikingoja mpaka saa sita mchana, yule msichana wa kupima kama yamechacha anatia spiriti, maziwa yanaganda mbele ya macho yangu, nayabeba kurudi nyumbani. Kwenye safari yote ya maziwa, kuanzia kwangu mpaka dukani kwako, asiyeweza kungoja ni mimi tu. Ndiyo maana hasara hunishukia mimi.

Si kwamba zamani tulikuwa hodari kuliko sasa. Babako alinunua ng'ombe wa kwanza mwaka 1987, Ayrshire mwekundu mwenye pembe moja, kwa pesa za pareto. Siku hizo serikali ndiyo iliyopanga bei, na maziwa yalikuwa na mdomo wa kuyanywa: watoto wa shule walikuwa wakipewa bure na serikali yale ya Nyayo tangu 1979, kwenye pakiti za pembe tatu. Bei haikuwa kubwa, lakini ulijua ni ngapi kabla hujakama. Mwaka 1992 serikali ikaacha kupanga bei. Hapo tulifurahi, nisikufiche. Tulidhani wanunuzi watakuwa wengi watugombanie. Walikuja wengi kweli, lakini bei wakawa wanaitaja wao, na sisi tunaisoma kwenye risiti mwezi ukiisha. (Pareto nayo ilikufa tukiitazama. Hiyo ni barua nyingine.)

Unakumbuka Januari ya 2020? Mvua za mwisho wa 2019 zilikataa kuisha, majani yakawa mabichi mpaka mwaka mpya, na bei ambayo ingekuwa inapanda ikaanguka chini ya shilingi 20. Rais Uhuru akatangaza New KCC, kampuni ya maziwa ya serikali, ipewe shilingi milioni 500 inunue maziwa yaliyozidi iyafanye ya unga, na mkulima alipwe 33. Tulisikiliza redio tukapiga makofi. Lakini chama chetu kilikuwa kimefunga mkataba na mnunuzi mwingine, kwa hiyo zile 33 tulizisikia tu. Mwaka 2024 ikawa vivyo hivyo, Rais Ruto akasema 50 kuanzia Machi kwa wanaopeleka New KCC. Wewe mwenyewe ulinipigia ukinipongeza! Mei yake ndiyo hiyo uliyoifungua hapo juu. Ng'ombe hakamuliwi kwa tangazo.

Hapa sokoni watu wanalaumu maziwa ya Uganda kwa kushusha bei. Mimi sina hakika na hilo kama wao. Mwenye ng'ombe wa kule Mbarara ana malisho mapana, ng'ombe anajitafutia mwenyewe, hanunui magunia matano. Lazima maziwa yake yatoke rahisi. Na mpaka ukifungwa, yeye ndiye anayebaki na mtungi kama mimi. Kinachoniuma mimi ni gunia la unga wa ng'ombe. Mashudu ya alizeti na ya pamba yanayotiwa humo mengi yanatoka Tanzania na Uganda, mahindi tunayagombania na watu, na shamba letu, baada ya kugawana na ami zako, halitoshi nepia ya ng'ombe watatu. Ukiniambia tungeongeza wawe kumi kama yule jirani wa juu, nitakuuliza wangelala wapi na wangekula nini. Hasara ya watatu niliweza kuibeba kwa pesa zako. Ya kumi ingekula na kodi ya nyumba yako.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Ndama dume wawili wa mwisho niliwatoa wakiwa na siku nne. Kumlea dume ni kumpa maziwa ambayo hutayauza, na akikua nani anamtaka siku hizi, kila mtu anaita daktari wa kupandisha kwa mbegu. Alikuja mtu na pikipiki, akawafunga miguu akawatia kwenye kreti. Alinipa mia tano kwa wote wawili. Usiku huo mama yao alilia mpaka kijana akahama kulala upande wa pili. Nadhani niliamua siku hiyo, hesabu ilifuata tu.

Kuhusu "ng'ombe wa baba": yule wa babako alikufa ukiwa darasa la pili, wewe ndiye uliyemmwagia majivu. Hawa walikuwa vitukuu vyake, na waliokuwa wakiwalea ni mimi na pesa zako.

Nimebakiza mmoja, Karembo, anatoa lita nane. Anakula nepia yetu na maganda ya viazi, unga namwonjesha tu. Kijana alienda Njoro kwenye mashamba ya maua. Majirani wanakuja na chupa zao jioni, natoza 55 kwa lita na wanalipa papo hapo. Bodi ya Maziwa wakisikia watataka niwe na leseni, kwa hiyo usiyaseme haya kwa kila mtu. Zizi la zamani nimelipandia sukuma wiki kwenye samadi. Zile 5,000 endelea kutuma, mwezi huu kwa mara ya kwanza nimezinunulia sukari, na mabati mawili ya choo.

Uliuliza yule ng'ombe wetu Nyange yuko wapi. Dalali mmoja wa nyama alinipa bei nzuri nikakataa. Nilimuuza kwa mwalimu wa Elburgon kwa 110,000, na miaka miwili kabla angefika 150,000. Alhamisi nilipita kule kwenye mazishi nikamwona kupitia kwenye ua. Amenenepa, ana ndama jike mwenye baka jeupe usoni kama lake. Sikumwita, maana angeitika.

Mamako