Taa inayojiwasha yenyewe: kuunganisha vifaa vya nyumbani na apu yako kwa MQTT

Umeme ukikatika na kurudi, kisha taa ya sebuleni ikajiwasha bila mtu kuigusa, usiilaumu taa. Kwa kawaida kuna amri ya zamani ambayo broka, yaani programu inayopokea na kusambaza ujumbe kati ya vifaa na apu, aliambiwa aitunze, na kila kifaa kinapojiunga upya anakikabidhi.

Watu huiita MQTT, itifaki ambayo vifaa hutumia kuwasiliana kupitia broka huyo, foleni ya ujumbe, ingawa si foleni hasa. Broka hupokea ujumbe, huwagawia waliojiandikisha kwenye mada yake (jina la njia ujumbe unapotumwa), kisha huusahau. Ukituma na alama ya retain, hutunza ujumbe wa mwisho wa mada hiyo na kumpa kila anayejiandikisha baadaye. Alama hiyo moja ndiyo chanzo cha matatizo mengi.

Kila kifaa kipe mada mbili: nyumba/sebule/taa/amri na nyumba/sebule/taa/hali. Apu hutuma kwenye amri, kamwe bila retain. Kifaa hujibu kwenye hali, daima kwa retain, ili apu ikifunguliwa ijue papo hapo taa imewaka au imezimwa. Mtu akibonyeza kitufe, usibadilishe picha kwenye skrini mpaka hali irudi; zikipita sekunde mbili kimya, mwambie imeshindikana. Kwa vifaa vinavyotumia Zigbee2MQTT au Tasmota, programu zilizo tayari za kuunganisha vifaa na MQTT, usibuni mada zako, mgawanyo huo tayari umo ndani yake.

Amri iliyokwama kwa broka hufutwa kwa kutuma ujumbe mtupu wenye retain, hapa kwa zana ya broka aitwaye Mosquitto:

mosquitto_pub -t nyumba/sebule/taa/amri -n -r

Amri ziwe WASHA na ZIMA, si GEUZA. QoS 1, kiwango cha uhakika wa kufikisha ujumbe, huhakikisha ujumbe unafika walau mara moja, maana yake unaweza kufika mara mbili. WASHA mbili hazina madhara. GEUZA mbili zinakurudisha ulipokuwa.

Kuhusu broka mwenyewe: Mosquitto kuanzia toleo la 2.0 husikiliza ndani ya mashine yake tu usipomwekea mipangilio, ndiyo maana simu inakataliwa huku majaribio kwenye seva yakienda vizuri. Mistari mitatu kwenye faili lake la mipangilio inatosha:

listener 1883
allow_anonymous false
password_file /etc/mosquitto/passwd

Mtumiaji wa kwanza mwongeze kwa mosquitto_passwd -c. Kwa wa pili ondoa -c, la sivyo faili lote linaandikwa upya na wa kwanza anapotea. Poti 1883 haifichi chochote, hata nenosiri, kwa hiyo usiifungulie intaneti. Ukiwa mbali na nyumbani pitia VPN, au tumia TLS, yaani muunganisho uliosimbwa, ambayo kwa kawaida huwa kwenye poti 8883.

Kifaa kikijiunga na kutoka kila baada ya sekunde chache, kagua kitambulisho cha mteja kabla hujaanza kuhangaika na waifai. Vifaa viwili vyenye kitambulisho kimoja hufukuzana bila kikomo, kwa sababu broka humtoa wa zamani kila mpya anapoingia. Hutokea sana msimbo uleule ukipakiwa kwenye chipu mbili za waifai za ESP8266. Ongeza kwenye kitambulisho herufi za mwisho za anwani ya MAC ya kila kifaa.

Ujumbe mrefu ukipotea huku mifupi ikifika, na kifaa kinatumia PubSubClient, maktaba ya MQTT ya Arduino, kikomo chake cha kawaida ni baiti 256, vichwa vikiwemo. Weka setBufferSize(512).

Kifaa kilichokufa kisionekane hai: wakati wa kujiunga, kiache wosia (ujumbe ambao broka huutuma kifaa kikipotea ghafla) wa "hayupo" wenye retain kwenye mada ya uwepo, kisha kitume "yupo", nao kwa retain. Broka husubiri mara moja na nusu ya keepalive, muda wa juu ambao kifaa kinaruhusiwa kukaa kimya, kabla ya kuusoma wosia, hivyo keepalive ya sekunde 60 hukuchelewesha hadi 90. Sekunde 15 zinafaa zaidi kwa taa na soketi.

Apu ya kivinjari haiwezi kuifikia poti 1883; inahitaji WebSockets. Ongeza listener 9001, na chini yake protocol websockets.