Re: China walibeba zote kwenye mpira wa meza?

Hapana ndugu, China hawakubeba mataji yote ya ubingwa wa dunia wa mpira wa meza, ila karibu. Kwanza usichanganye mambo, ubingwa wa dunia wa timu na ule wa mmoja mmoja siku hizi haviendi pamoja, timu ni miaka shufwa, singo (mmoja mmoja) na dabo (wawili wawili) ni miaka witiri, ndo maana ulitafuta matokeo ya timu ya Doha 2025 hukuyaona, hayapo.

Ya timu ilikuwa Busan, Korea Kusini, 2024. Wanaume China waliipiga Ufaransa 3-0, hiyo tuiache. Ya wanawake sasa! Japani walikuwa mbele 2-1, Hayata wao kamfunga Chen Meng wa China, Hirano naye kampiga Wang Yidi wa China seti tatu bila, mimi nikajua leo kombe linaondoka. Akaja Sun Yingsha wa China akasawazisha, halafu Chen Meng huyohuyo aliyepoteza mwanzo ndo akamaliza kazi, 3-2. Sijaona fainali ya timu tamu kama ile.

Doha 2025 kwenye singo, Wang Chuqin wa China alimfunga Hugo Calderano wa Brazil 4-1, na Calderano kufika pale tu ilikuwa habari kubwa, mwanaume wa kwanza wa Amerika Kusini kucheza fainali ya singo. Kwa wanawake, Sun Yingsha na Wang Manyu, wote wa China, wakaenda hadi seti ya saba, Sun akachukua 4-3. Dabo mchanganyiko (mwanaume na mwanamke) wakachukua tena Wang Chuqin na Sun Yingsha, mara ya tatu mfululizo, na dabo ya wanawake China pia. Iliyowaponyoka ni dabo ya wanaume tu, walichukua Togami na Shinozuka wa Japani.