Wasomaji Wanauliza: Komini Inaweza Kuturudishia Makuta ya Impo?

Jambo Papa wa gazeti. Niko mama wa lupango mu Katuba, hapa Lubumbashi. Mutoto wa dada yangu anaishi Uingereza, mwaka wa 2022 alituambia komini ya kule iliwapatia batu pauni 150 kila nyumba, tena bila kuomba, unaamka unakuta makuta iko ku banki. Siye huku tunalipa impo (kodi) ya lupango, mukubwa wangu analipa ushuru ya soko kila siku anatandika tomati, na mvua ikinyesha maji inaingia mpaka mu salo. Juu ya nini komini yetu haiturudishie hata kidogo? Sheria inakataza ao ni roho tu?
*Mama wa Katuba*

Mama, jambo sana. Huyo mutoto hakudanganya. Mu Februari 2022 bei ya gazi na umeme ilikuwa imepanda vibaya kule, serikali ikatangaza kwamba nyumba zenye ziko mu ngazi A mpaka D zitapata pauni 150, na komini zikapewa kazi ya kugawa kuanzia Aprili. Ngazi ni hivi: kila nyumba kule iko na herufi, A mpaka H, kufuatana na bei yenye ingeuzwa mwaka wa 1991, na A mpaka D ni kama nyumba 8 kwa kila 10. Sasa hapa batu wengi wanapita haraka: ile makuta haikutoka mu mfuko wa komini, ilitoka serikali kuu, komini ilikuwa mkono wa kugawa tu. Na wenye waliipata bila kuomba ni wale wenye walikuwa wanalipa impo kupitia banki, namba zao zilikuwa zinajulikana tayari, wengine ilibidi wajaze fomu na kungoja.

Tena kule impo ya nyumba inalipwa na mwenye kuishi ndani, hata kama ni lokatere, mwenye kupanga tu. Huku kwetu impo ya lupango inamutazama mwenye lupango. Sasa fikiria, mu lupango moja ya Katuba ao ya komini ya Kenya unakuta familia tatu, ine, kila moja na chumba yake, na mwenye lupango pengine anaishi Likasi. Wakirudisha makuta ya impo kesho, itaenda kwa nani? Kwa mwenye jina liko ku kitansi. Lokatere mwenye maji inamuingilia hatagusa hata franka moja. Inaniuma kusema hivi lakini ni vile.

Na jambo ingine, ile impo haiko hata ya komini. Katiba ya 2006 inaiweka kwa provinsi, pamoja na impo ya nyumba za kupangisha na ya magari, kwa hiyo ukimudai burgumestre, mukubwa wa komini, atakutuma kwingine na haki iko kwake. Lakini ushuru ya tomati za mukubwa wako ni mambo tofauti kabisa! Ile inakusanywa sokoni, na mi nasema ionekane sokoni: choo, kanivo, takataka kubebwa. Adai tiketi kila siku anapolipa, juu makuta yenye haina tiketi haina njia ya kufuatiliwa. Sheria ya Oktoba 2008 inapatia komini bajeti yake, na konseye ya komini ndiyo inaipigia kura. Bakonseye mulibachagua mu Decemba 2023, muende kubauliza, muende wamama kumi pamoja, mutu moja peke yake wanamuchosha.

Papa, siye wa Ruashi tuko na mine karibu na nyumba, vumbi tunameza kila siku. Kule Alaska kila mutu anapewa makuta ya petroli kila mwaka, siye na shaba yetu na kobalti yetu tunashindwa nini?
*Kijana wa Ruashi*

Ndugu, hii njo swali yenye inapaswa kuulizwa kila kona ya huu mji. Alaska ni jimbo ya Marekani, 1976 raia walipiga kura wakabadilisha katiba yao, angalau 25% ya makuta ya haki (royalty) ya petroli na madini yenye serikali yao inapata ikaanza kuwekwa mu mfuko wenye kuguswa faida tu. 1982 kila mukaaji, mukubwa na mutoto, akapata dola 1,000. 2022 ilifika dola 3,284, miaka ingine inashuka sana.

Siye pia tuko na kitu karibu na ile, batu hawaambiwe tu. Kodi ya mine mu sheria ya 2018 ni 3.5% kwa shaba na 10% kwa kobalti, na inagawanywa hivi: kila dola 100, serikali kuu inakamata 50, provinsi 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na 15 inaenda moja kwa moja kwa komini, sekteri ao sheferi mahali wanachimba. Juu yake kampuni inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya batu wenye kuishi pale. Kwa hiyo ile 15 ni ya kwenu kwa sheria, haiko zawadi ya mutu.

Kuigawa mukononi? Leo hapana, na sababu yangu ni hii: Alaska wanajua nani mukaaji wao, mutu anajiandikisha kila mwaka. Siye hesabu ya mwisho ya raia mu Kongo ni ya 1984! Liste ingetengenezwa na nani, na majina ngapi ya marehemu ingekuwa ndani? Mi ningedai kwanza karatasi moja ku ukuta wa komini: tumepokea ngapi, tumetumia wapi. Na wakikataa, raporti za ITIE, mpango wa kuweka wazi makuta ya mine na petroli, zinaandika kampuni gani ililipa ngapi, tafuteni mwenye anajua Kifaransa vizuri, muzisome pamoja, kisha muingie ku komini na hesabu mukononi.

Kuna mutu alinipigia, anasema ni wa komini, wanarudisha impo, nitume dola 10 ya dosye. Ni kweli?
*Dada wa Kampemba*

Dada, usitume. Hata Uingereza ile 2022 komini zilibidi kuonya raia juu ya batu wenye kupiga simu wakiomba namba za banki. Mwenye kukurudishia makuta hakuombi makuta kwanza. Namba ya siri ya telefone yako usiitaje kwa mutu, na kama ulishaitaja ibadilishe leo hii, kisha peleka ile namba yenye ilikuita ku biro ya kampuni ya telefone yako.