Spana Mgongoni: Kubeba Vifaa Kwenye Pikipiki ya Njia Mbovu

SWALI: Nina pikipiki ya njia mbovu yenye injini ya cc 250, na ninajiandaa kwa safari ya siku mbili kwenye njia za mawe na mchanga. Fundi wangu amenishauri nibebe vifaa vyote (pampu, vyuma vya kutolea tairi, nyundo ndogo, spana na tyubu ya akiba, jumla kama kilo 9) kwenye begi la mgongoni, kwa maelezo kwamba mwili wa mpandaji hufanya kazi ya shokomzoba na pikipiki hubaki nyepesi. Huwa navaa kinga ya mgongo. Je, ninunue begi la aina gani? Na je, nikaze shokomzoba ya nyuma?

JIBU: Swali la aina ya begi hunifikia mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza huwa ameshaamua kwamba vifaa vitakaa mgongoni, kilichobaki kwake ni kuchagua zipu na rangi. Uniwie radhi, sitachagua. Kwa kilo 9 ambazo sehemu kubwa ni chuma, hakuna begi la mgongoni linalofaa.

Fundi wako hakutunga yote. Mpandaji anaposimama juu ya vikanyagio, magoti na viwiko vyake hupokea mitikisiko, na mzigo ulio mwilini haurushwi kwa ukali kama ule uliofungwa kwenye fremu. Ndiyo maana mfuko wa maji wa lita 2 hauna ubaya mgongoni, maana ni laini na unapungua kila unapokunywa. Hata hivyo hoja hiyo inahusu pikipiki inayokwenda. Haisemi lolote kuhusu pikipiki iliyoanguka, na kwenye mawe na mchanga utaanguka. Ukiangukia mgongo, pampu na spana zitakuwa katikati ya ardhi na pingili za uti wako.

Hapo ndipo ninapojibiwa, kama ulivyodokeza, kwamba kinga ya mgongo imevaliwa. Hakuna jibu linalonichosha kuliko hili. Kinga hunyonya sehemu ya nishati ya kipigo na kutawanya nguvu iliyobaki kwenye eneo pana zaidi la mwili. Kigezo cha Ulaya cha EN 1621-2 huipima kwa kipigo cha jouli 50, yaani takriban uzito wa kilo 5 ulioachiwa kutoka urefu wa mita 1, na kinga ya daraja la 1 huruhusiwa kupitisha nguvu ya wastani wa hadi kilonyutoni 18, ilhali ya daraja la 2 haipaswi kuzidi 9. Kwa hiyo hata kinga iliyofaulu hupitisha nguvu. Mwili wa kilo 80 unaoanguka kutoka urefu huohuo wa mita 1 hubeba karibu jouli 780. Kwa kawaida nishati hiyo hugawanywa kati ya mabega, nyonga, mikono na udongo wenyewe, lakini kichwa cha spana kikitangulia kugusa ardhi, sehemu kubwa ya kipigo inaweza kupita penye eneo dogo kuliko kidole gumba. Vaa kinga daima, ila usiihesabu kama kibali cha kubebea vyuma juu yake. Anayekuambia kwamba imeifuta hatari hiyo huenda anauza kinga, au anauza begi.

Tena kuna uchovu, ambao wapenda mabegi hawautaji. Kilo 9 zinazoning'inia mabegani hukufanya ukae mapema badala ya kusimama, na mpandaji aliyekaa mchangani hulemea nyuma, gurudumu la mbele likapoteza mshiko wakati analihitaji zaidi. Mkoba wa kiunoni ni nafuu kidogo, mradi ubebe vitu vichache na chuma kikae ubavuni, si juu ya uti.

Vifaa vizito vikae kwenye pikipiki, chini iwezekanavyo na mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli hiyo hufanya kazi kama wenzo unaoinua usukani, na ndio chanzo cha malalamiko mengi ya mbele kutangatanga. Spana na vyuma vya tairi vifungwe ndani ya kitambaa cha kuviringisha, ili visisagane, kisha viwekwe ndani ya mikoba laini ya pembeni inayolazwa juu ya kiti, mbali na ekzosi. Tyubu ipakwe poda, ifungwe peke yake na ikae juu ya madigadi ya mbele. Ile ya inchi 21, ya gurudumu la mbele, ndiyo ya kubeba, kwa sababu huweza kuokoa hata gurudumu la nyuma la inchi 18 hadi ufike. Usiongeze spana hapo, kwani madigadi iliyolemewa hupinda na kugusa tairi forki zinapobonyea. Nyundo iache nyumbani. Unakokwenda kuna mawe.

Kuhusu shokomzoba, kaza springi kiasi cha kurudisha mshuko wa nyuma (kiasi ambacho nyuma huzama kwa uzito), ukiwa umepanda na mizigo yote, kwenye takriban theluthi moja ya umbali wote ambao gurudumu la nyuma linaweza kupanda na kushuka. Isipofikika, mzigo umezidi springi yako.

Ninachohofia zaidi ni kwamba, ukishaachana na begi, utakutana na wajuaji wa aina nyingine. Watakupa makasha magumu ya bati, ambayo mchangani, mguu unaposhuka kutafuta ardhi, huusukuma kutoka nyuma na kuweza kuvunja mfupa wa mguu. Watakupa kamba za mpira, kwa kuwa ni rahisi kufunga, bila kukuambia kwamba mpira hunyumbuka katika kila shimo, mzigo ukahama, na ncha iliyochomoka ikaingia kwenye cheni au spoki na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Wengine watajitolea kuchomelea keria ndefu kwenye sehemu ya nyuma ya fremu, wakati kitabu cha pikipiki kimeandika kikomo cha uzito ambacho hawajakisoma, na joto la kuchomelea hudhoofisha aluminiamu. Tumia mikanda isiyonyumbuka yenye bizimu, ncha zake zote zikiwa zimefichwa, na usimame baada ya kilomita 15 za kwanza kuikaza upya, kwa maana mizigo laini hujipanga ikishatikiswa na mkanda uliokuwa umekazwa vizuri asubuhi huwa umelegea.