Gemu ya mipaka: watoto wamekariri majibu, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Pasua hapa Moshi, mimi na wenzangu tunasimamia klabu ya vijana wa miaka 11 mpaka 14, tumetengeneza gemu ya kadi ya kuwafundisha mipaka, yaani nani asiguse wapi na ukatae vipi. Unachomoa kadi, unasoma tukio, ukipatia unapewa pointi, ukikosea au ukikaa kimya unakatwa. Sasa wameshakariri, kila kadi jibu ni "nakataa, nakimbia, namwambia mama", halafu wakitoka nje wanavutana nguo na kupekuliana mabegi kama kawaida. Na kuna wazazi wanalalamika eti tunafundisha watoto jeuri. Tuihamishie kwenye simu labda itanoga?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana kwa kazi hiyo. Simu iacheni kwanza. Gemu ikiwa haijakaa sawa kwenye karatasi, kwenye simu itapendeza tu ila tatizo litabaki lilelile, na madogo wengi simu yenyewe ni ya mama na bando la kugombania.

Shida naiona kwenye pointi. Mtoto ukimlipa kwa jibu atakupa jibu unalolitaka, basi. Halafu kwa ulivyoeleza, kadi zote mtoto ni yule anayeguswa, hakuna hata moja ambayo yeye ndo anakataliwa, sasa kuacha kuvuta nguo ya mwenzake atajifunzia wapi? Wekeni kadi za upande huo: umemwomba rafiki yako neno la siri la simu yake, kagoma, unafanyaje? Na wasijibu kwa mdomo, waigize wawili halafu wabadilishane.

Kuna vijana niliwaona Ngarenaro kule Arusha wanacheza hivi, wawili wanasimama mbali wakitazamana, mmoja anasogea taratibu, mwenzake akisema "hapo" anasimama. Binti mmoja kasema "hapo" huku anacheka, kijana kaongeza hatua, kuulizwa anajitetea "si alikuwa anacheka?" Basi ukazuka ubishi, wengine wanasema kucheka ni aibu tu, wengine wanasema angekaza sauti, na mlezi wao akawaacha wabishane mpaka wakakubaliana wenyewe kwamba neno limeshatoka, kicheko hakilifuti. Hicho hakikaririki.

Halafu hili nakuomba sana, ondoeni kumkata pointi mtoto aliyekaa kimya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, kwa hiyo kwenye klabu yenu anaweza akawepo aliyeshayapitia, na wavulana msiwasahau. Mtu akishtuka mwili unaweza kuganda, hata mtu mzima, kukimbia anashindwa na sauti haitoki. Sasa mtoto kama huyo unamkata pointi mbele ya wenzake, anaelewa nini kama sio kwamba kosa lilikuwa lake? Tengenezeni kadi ya "nimeganda" isiyo na adhabu yoyote, ikitoka kundi zima linafikiria nani anaweza kumsaidia.

Na huyo mama wa "namwambia mama" msimfanye asikilize kila mara. Kuna kadi mama aseme "acha uongo, mjomba wako hawezi", mchezaji aende kwa bibi, kwa mwalimu, apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto ambayo ni bure, afike Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Akimpata wa kumsikiliza, kundi zima linashinda.

Matukio yatoeni hapohapo mnapoishi: konda anayemvuta mwanafunzi mkono stendi, bodaboda wa lifti za bure, binamu mnayelala naye chumba kimoja, mtu anayeomba picha WhatsApp. Changanyeni na ya kawaida pia, mfano nesi anachoma sindano na mama yupo, maana wakiona kila kadi ni hatari wataanza kuogopa kila mtu.

Wazazi nao waiteni wacheze wenyewe. Wapeni kadi ya mtoto asiyetaka kupakatwa na mgeni, waone kwamba shikamoo ameitoa vizuri tu na heshima iko palepale, alichokataa ni mapaja. Wengi nadhani jeuri wanayoiogopa hawataiona humo.

Mkicheza, mlezi mmoja asishike kadi, akae anawaangalia tu. Mtoto akianza kusimulia la kwake msimhoji mbele ya wenzake, huyo mlezi amchukue pembeni amsikilize, amwambie amefanya vizuri kusema, na asimwahidi kwamba itabaki siri, maana kuna watu itabidi waambiwe ili asaidiwe.